Anayeanza na Mti

Mchumaji ninayemfuata katika miombo nje kidogo ya Vwawa ni bibi wa makamo, na hatazami chini kwanza. Mvua za Desemba zimelainisha udongo, naye macho yako juu, anatafuta mtundu au mkusu, kwa kuwa anajua uyoga upi hukaa na mti upi. Ujuzi huo una msingi. Nyuzi za uyoga mwingi wa miombo huvika mizizi ya mti, zikauletea maji na madini, nao mti ukazipa sukari. Ndiyo maana uyoga huu haulimwi bandani kama uyoga uitwao mamama.

Akiupata mti wake, anafukua majani taratibu kwa ncha ya fimbo. Anapiga goti. Ule wa manjano anaupindua: chini ya kofia hakuna kurasa nyembamba, kuna mikunjo minene inayoshuka hadi kwenye mguu. Unaingia kikapuni. Mwingine anaukata kwa kisu na kungoja utoe maziwa. Mkononi hana mfuko wa nailoni, kwa sababu uyoga ukikosa hewa huoza upesi.

Kwa mweupe wenye pete shingoni anakawia mno. Hauvuti. Anachimba kwa kidole kuuzunguka mguu wote, mpaka kikombe kilichofichwa udongoni kionekane.

“Bibi, huu si sawa na ule wa jana?”

“Kofia ni sawa, mjukuu wangu. Tazama mguu.”

Kisha anauacha. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Wenye pete na kikombe ni jamii ya Amanita: upo unaoliwa miomboni, lakini ndugu yake Amanita phalloides huua. Dalili zake huchelewa saa 6 hadi 12 au zaidi, na moto wa jiko hauondoi sumu yake. Kuuchemsha na kitunguu au sarafu, au kuona wadudu wameutafuna, hakuthibitishi lolote.

Kwenye kichuguu kazi ni nyepesi. Uyoga wa mchwa una mguu unaorefuka kama mzizi hadi kwenye bustani ambayo mchwa wenyewe wameilima, naye anaufuata kwa kidole kuhakikisha.

Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walipoandika kitabu chao cha uyoga wa Tanzania, kilichotoka mwaka 2003, walitegemea pia maarifa ya wanavijiji wachumaji. Walifanya vyema. Lakini mti ukikatwa kwa mkaa, uyoga wake nao hukoma, hata kama mjuzi bado yupo.

Msimu huu, ukinunua ndoo ya uyoga kando ya barabara ya Tunduma, muulize muuzaji ameuchuma chini ya mti gani. Akisitasita, usinunue.