Uhakiki wa Kibiblia wa Fundisho la Hatia ya Kurithi: Warumi 5:12–21 na Ezekieli 18

Sehemu hii inahakiki fundisho kwamba kila binadamu huzaliwa akiwa tayari na hatia ya kosa la Adamu. Hoja inayotetewa ni kuwa Biblia inathibitisha utawala wa mauti na udhaifu wa binadamu wote, lakini haithibitishi kwamba hatia hupitishwa kwa njia ya kuzaliwa. Tofauti hiyo ina uzito wa kichungaji: ndiyo inayoamua mhubiri aseme nini mbele ya wazazi wa mtoto mchanga aliyefariki kabla ya kubatizwa. Augustino wa Hippo aliamini kwamba mtoto wa namna hiyo huhukumiwa, ingawa kwa adhabu iliyo nyepesi kuliko zote.

Augustino aliisoma Warumi 5:12 katika Kilatini. Maneno *in quo* aliyaelewa kuwa yanamrejelea Adamu, yaani wote walitenda dhambi ndani yake. Kirai cha Kigiriki, *eph' hō*, hufasiriwa na wataalamu wengi kuwa cha sababu, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version nayo hutumia "kwa sababu". Kwa usomaji huu, mauti yaliingia kupitia Adamu, na dhambi inayotajwa ni ile waliyoitenda watu wenyewe.

Hata hivyo, kusahihisha sarufi hakutoshi kuliangusha fundisho. Aya ya 14 inasema mauti yaliwatawala hata wale ambao hawakukosa kwa namna ya Adamu, na aya ya 19 inaunganisha uasi wa mmoja na hali ya wengi. Mhakiki anayezipita aya hizi hajajibu hoja. Yohane Krisostomo aliielewa aya ya 19 kuwa inahusu watu kuwekwa chini ya adhabu na mauti, kwani aliona haingii akilini mtu kuwa mkosaji kwa uasi wa mwingine. Ufafanuzi huu unaafikiana na ulinganisho wa Paulo: haki ya Kristo hupokewa (aya ya 17), hairithiwi kwa damu, kwa hiyo ulinganisho haudai kwamba hatia ya Adamu ipite katika damu.

Ezekieli 18 inaipinga waziwazi methali ya zabibu kali, iliyodai kwamba watoto hulipia ulaji wa baba zao. Ni mantiki ileile ya "mtoto wa nyoka ni nyoka". Ni kweli kwamba Kutoka 20:5 inazungumzia uovu wa baba kupatilizwa kwa wana, lakini hapo yanatajwa matokeo katika vizazi vya wanaomchukia Mungu, wala Adamu hatajwi. Zaburi 51:5 nayo ni ungamo la mtu anayeuona uovu wake mpaka mwanzo wa uhai wake. Si maelezo ya jinsi hatia inavyosafiri.

Istilahi zetu zinahitaji uangalifu. "Asili" humaanisha chanzo na pia maumbile, hivyo "dhambi ya asili" huchanganya tukio la kwanza na hali ya kila mtu. "Kurithi" kunatoa mwanga zaidi. Katika mirathi ya Kiislamu, madeni ya marehemu hulipwa kutoka katika mali yake kabla ya warithi kugawana. Mrithi huweza kupata kidogo au kukosa kabisa, lakini haitwi mkopaji.

Hitimisho hili halimpi ushindi Pelagius. Binadamu aliyezaliwa chini ya mauti bado anahitaji neema. Kinachokataliwa ni kumhesabia mtoto kosa ambalo hakulitenda.