Shikamoo Jazz na Hukumu ya Msikilizaji

Bendi nyingi za Tanzania zilipewa majina ya miji yao au ya vyama vilivyozimiliki. Shikamoo Jazz ilichukua jina lake katika adabu. Bendi hii iliundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wanamuziki wazee waliokuwa wamekwisha kupata sifa katika bendi mbalimbali za zamani, miongoni mwao Salum Zahoro wa Kiko Kids ya Tabora, na Kassim Mapili, aliyefariki mwaka 2016. Shirika la HelpAge International, ambalo kazi yake ni kuwasaidia wazee, liliwashika mkono. Kila alitajaye jina la bendi hii huwa amekwisha iamkia. Kabla hajasikia hata mlio mmoja wa gitaa ametoa heshima yake, na aliyetangulia kutoa heshima huona haya kutoa hukumu. Hapo ndipo lilipo tatizo la kuihakiki bendi ya wazee waliokusanyika tena: je, kinachopendwa ni muziki wao, au ni umri wao?

Swali hilo lapimika vizuri zaidi mbali na Dar es Salaam. Katika Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, msikilizaji aliyekua katika miaka ya 1960 na 1970 alizijua bendi kubwa kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Radio Tanzania ndiyo iliyorekodi nyimbo za dansi na kuzieneza nchi nzima, na hadi mwanzo wa miaka ya 1990 Bara haikuwa na redio nyingine ya kushindana nayo. Mapenzi ya msikilizaji huyo yalikuwa mapenzi ya sikio. Tena Tabora si ugenini kwake, kwa kuwa Kisukuma na Kinyamwezi ni lugha ndugu. Mtu wa namna hii akipata habari kwamba Zahoro amesimama tena mbele ya watu, furaha yake si ya kubezwa. Ni furaha ya mtu aliyesikia kwamba jamaa aliyedhaniwa amepotea yu hai.

Lakini furaha si uhakiki. Yapasa kwanza kuuliza kwa nini wazee hao walikusanyika chini ya jina jipya, wala si chini ya majina yao ya kale. Sababu moja kubwa ni kwamba bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya vyama na mashirika. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadili jina: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji wake wa tangu mwanzo, aliihama mwaka 1978 akajiunga na Mlimani Park. Miaka mingi baadaye alirudi Msondo, na watu wakampokea. Yeye alikuwa na nyumba ya kurudia. Wazee wa bendi zilizokufa hawakuwa nayo. Mwanamuziki alipoondoka katika bendi ya shirika, vyombo na jina vilibaki kwa mwenyewe. Alichotoka nacho ni vidole, sauti na kumbukumbu.

Kwa hiyo Shikamoo Jazz haikuwa bendi moja iliyofufuka. Ilikuwa mkutano wa masalio ya bendi nyingi, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mhakiki. Wimbo wa Tabora unapopigwa na mtu aliyekomaa katika bendi nyingine hauwezi kuwa ule ule. Kila mmoja analazimika kujifunza kumbukumbu ya mwenzake. Msikilizaji anayedai kila mlio urudi kama ulivyotoka redioni miaka thelathini nyuma anadai kitu ambacho bendi hii, kwa asili yake, haiwezi kukitoa. Vivyo hivyo, asiyedai lolote, akashangilia kila kitu kwa kuwa wapigaji wana mvi, anawanyima kitu kikubwa zaidi.

Juu ya jambo hili Usukuma una fundisho lake. Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, ambavyo mapokeo yanasema vilianzishwa na Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja. Mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Watu huhukumu kwa miguu yao: wanaondoka upande mmoja na kwenda upande wa pili. Kila chama huwa na dawa yake ya kuvuta watu, wala dawa hiyo haidharauliwi. Hata hivyo hakuna chama kinachotegemea dawa peke yake. Ningi, yaani mtungaji na kiongozi wa nyimbo, hutafuta nyimbo mpya, na wachezaji huvumbua michezo ambayo upande wa pili hauna. Dawa humleta mtu uwanjani. Kinachomweka hapo ni kazi.

Kumbukumbu ndiyo dawa ya bendi ya wazee. Inavuta watu hata kabla ya ngoma kulia. Basi mpenzi wa Bariadi, aliyelelewa katika sheria ya uwanja, anaweza kuwapenda wazee hawa na bado akauliza: hivi sasa, sauti hii iliyopungua urefu imepata nini badala yake? Je, mwimbaji analiweka neno mahali pake kwa utulivu ambao kijana hana? Je, magitaa yanajibizana, au yanasubiriana kwa woga? Maswali hayo si utovu wa adabu. Wanamuziki hawa, ambao wengi wao hawakuvuna fedha ya maana kutokana na nyimbo zilizopendwa nchi nzima, walikwisha kupewa huruma kama wazee. Kuhukumiwa ndiko kunakowarudishia hadhi ya mafundi. Heshima isiyo na hukumu ni sadaka, na sadaka haijapata kumfanya mtu kuwa msanii.

Maamkizi ya Kiswahili yana pande mbili. Mdogo husema shikamoo, na mkubwa hana budi kuitikia marahaba. Asipoitika, maamkizi hayajatimia. Jina la bendi limetiwa kinywani mwa msikilizaji, naye hulitamka kwa mapenzi. Kuitika ni wajibu wa wazee, na sauti yao itafutwe katika upigaji wenyewe. Mpenzi wa kweli ni yule anayebaki kimya baada ya kuamkia, akasikiliza kama ameitikiwa.