Kibyongo katika Fasihi: Umbo Si Tabia

Mwalimu mwenzangu, tunapofunza usawiri wa wahusika, wanafunzi wengi huchanganya umbo na tabia. Mhusika akiwa na kibyongo, basi ni mwovu au ni wa kuhurumiwa tu. Kosa hili si lao pekee. Fasihi yenyewe imechangia.

Hebu tutazame mfano mashuhuri. Shakespeare alimsawiri Mfalme Richard wa Tatu akiwa na kibyongo, umbo hilo likawa ishara ya ukatili wake. Mwaka 2012 mifupa ya mfalme huyo ilifukuliwa mjini Leicester. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kwa upande, lakini kibyongo kile cha jukwaani hakikuwapo.

Wapo pia wanaozaliwa na hali inayopinda mgongo. Pingili za uti huumbika katika wiki za mwanzo za ujauzito. Pingili moja ikiumbika nusu, au mbili zikishikamana, mgongo waweza kupinda mtoto anapokua. Hii si laana wala kosa la mama.

Aidha, lugha yetu inafunza. Twasema "kibyongo kinaonekana" kwa maana ya nundu, lakini "kibyongo amefika" kwa maana ya mtu. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kumtambua kuwa binadamu. Uhakiki usimrudishe kwenye vitu. Hata methali "Hujafa hujaumbika" yafaa ihojiwe: humtetea mlemavu kwa kumtia hofu asiye mlemavu.

Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012), iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, Mwalimu Majisifu huwaonea aibu watoto wake wenye ulemavu, ilhali Imani huwatunza kwa upendo. Wanafunzi huandika vizuri kuhusu Majisifu na Imani. Je, huandika nini kuhusu watoto wenyewe? Mara nyingi watoto hao huwa mizani tu ya kupimia utu wa wengine.

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Haki hiyo haikomi mlangoni pa darasa la fasihi. Hapa Sagana, kama kule Karatina au Nyeri, huenda aliyepinda mgongo ameketi dawati la mbele akisikiliza tunavyohakiki. Basi tuwaulize wanafunzi swali moja: ukiuondoa mgongo wa mhusika huyu, anatenda nini, anataka nini, anasema nini? Jibu likikosekana, dosari ni ya usawiri, wala si ya mgongo.