Walivyothibitisha kwamba mafuta yasiyounguzwa hudhuru utando wa moyo

Ateri ya moyo ikiziba, mapigo yanaweza kwenda mrama ndani ya dakika chache, kabla seli hazijafa. Msuli bado uko hai, ila umeme wake umeshavurugika, na wagonjwa wengi hufia hapo hapo, kabla ya kufikishwa hospitali. Ni kitu gani kinachovuruga umeme huo mapema hivyo? Kikundi cha watafiti wa Washington University mjini St. Louis, Marekani, kilifuatilia swali hili katika miaka ya 1970 na 1980, na njia waliyopita inastahili kusomwa hatua kwa hatua.

Moyo wenye afya hupata sehemu kubwa ya nishati yake, kiasi cha asilimia 60 hadi 70, kwa kuunguza asidi za mafuta ndani ya mitokondria. Asidi ya mnyororo mrefu haiwezi kuingia humo peke yake. Kimeng'enya kiitwacho CPT1, kilichokaa kwenye utando wa nje wa mitokondria, huiunganisha na kanitini, na kinachopatikana huitwa asilikanitini. Hiyo huvushwa hadi ndani, ambako kimeng'enya cha pili, CPT2, huitenganisha na kanitini ili mafuta yaunguzwe. Oksijeni ikikatika, kuunguza kunasimama, lakini CPT1 haisimami. Asilikanitini hurundikana, kisha huanza kusambaa nje ya mitokondria.

Hatari yake iko katika umbo. Upande mmoja una kichwa chenye chaji kinachopenda maji. Upande wa pili una mkia, mara nyingi wa kaboni 16, unaoyakimbia maji. Sabuni nayo imeumbwa hivyo. Utando wa seli umejengwa kwa tabaka mbili za mafuta, kwa hiyo asilikanitini hujichomeka humo kwa urahisi, mkia ukizama na kichwa kikibaki nje. Ikiwa nyingi mno, huuyeyusha utando. Ikiwa kidogo, haitoboi kitu, ila huharibu mazingira ya protini zilizopandwa utandoni: pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, milango ya kalsiamu, na viungo vinavyopitisha umeme kutoka seli moja hadi jirani yake. Kiasi hicho kidogo ndicho kilichowashughulisha watafiti wa St. Louis, kwa kuwa seli inayovuruga mapigo ni seli iliyo hai.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mwingine. Mwaka 1978 Burton Sobel, Peter Corr na wenzao walionyesha kwamba msuli wa moyo uliokosa damu hulimbikiza lisofosfatidi, yaani mafuta ya utando yaliyopoteza mkia mmoja kati ya miwili, na kwamba dutu hizo huvuruga umeme wa moyo. Baadaye, mwaka 1983, Richard Gross na Sobel walionyesha kwamba asilikanitini huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja lisofosfatidi hizo. Kwa hiyo mrundikano wa dutu moja unaweza kuzaa mrundikano wa nyingine.

Hata hivyo, ushahidi wa aina hii una pengo. Ukimwaga dutu yenye tabia ya sabuni juu ya tishu, lazima umeme uvurugike. Hilo halithibitishi kwamba dutu inayozalishwa na seli yenyewe inafika kwenye utando, wala kwamba inafika kwa kiasi cha kutosha.

Pengo hilo lilizibwa na jaribio lililochapishwa mwaka 1986 na Knabb, Saffitz, Corr na Sobel. Walichukua seli za moyo za vichanga vya panya, wakazilea katika vyombo vya maabara na kuzilisha kanitini iliyotiwa tritiamu, yaani haidrojeni yenye mnururisho. Kisha wakazinyima oksijeni. Kazi ngumu ilikuja baada ya hapo. Kanitini huru, pamoja na ile iliyobeba minyororo mifupi, ilibidi ioshwe na kuondolewa, huku ile ya mnyororo mrefu ikibaki pale pale ilipokuwa. Bila hivyo, mnururisho wowote ambao ungeonekana ungeweza kuwa wa kitu kingine. Vipande vyembamba sana vya seli vilipakwa tabaka lenye chumvi za fedha, mfano wa lile la filamu za picha. Mnururisho wa tritiamu hausafiri mbali, hivyo kila chembe ya fedha iliyojitokeza ilikuwa karibu sana na chanzo chake. Wakazihesabu chembe hizo chini ya hadubini ya elektroni: ngapi ziko kwenye mitokondria, ngapi kwenye utando wa nje wa seli.

Asilikanitini ya mnyororo mrefu katika seli nzima ilikuwa imepanda zaidi ya mara tano. Kwenye utando wa nje wa seli ilikuwa imepanda takriban mara 70. Tofauti ya tarakimu hizi mbili ndiyo kiini cha kazi yote. Mtu aliyesaga tishu na kupima jumla angeona ongezeko la wastani tu, wala asingejua kwamba mzigo umeelemea mahali nyeti kuliko pote.

Hawakuishia hapo. Walizipa baadhi ya seli POCA, dawa inayozuia CPT1, kisha wakazinyima oksijeni kama zile nyingine. Asilikanitini haikurundikana, na umeme wa seli hizo, uliopimwa kwa elektrodi nyembamba za kioo, haukuharibika kama wa zile zisizopewa dawa. Mwaka 1989 kikundi hicho kiliripoti jaribio kama hilo kwa paka waliozibwa ateri ya moyo: dawa ilizuia mrundikano wa dutu zote mbili, na moyo ukaepushwa na ule mvurugiko wa mapigo wa mapema unaoua.

Mimi nina pingamizi moja. Kuzuia CPT1 kunausukuma pia moyo kutumia glukosi zaidi, na huenda sehemu ya kinga ilitoka huko. Dawa yenyewe isingeweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ulitoka Ufaransa mwaka 1999, katika uchunguzi wa Bonnet na wenzake kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro za kuunguza mafuta. Watoto wasio na CPT2, au wasio na kibebaji kinachovusha asilikanitini hadi ndani ya mitokondria, walipatwa na matatizo ya mapigo na ya upitishaji wa umeme. Wale wasio na CPT1 hawakupatwa nayo. Makundi yote hayo hayawezi kuunguza mafuta marefu ipasavyo, lakini mtoto asiye na CPT1 hatengenezi asilikanitini ndefu tangu mwanzo. Njia ile ile imekatika kabla na baada ya hatua moja, na moyo unaovurugika ni ule ambamo dutu hiyo inatengenezwa na kukwama.

Kutafuta dawa kwa watu wazima kumekuwa kugumu zaidi. Etomoxir, ambayo nayo huzuia CPT1, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, na jaribio likasimamishwa kwa sababu vimeng'enya vya ini vilipanda kwa baadhi yao. Kwa watoto wachanga kuna la kufanya leo: mapigo yakivurugika bila sababu inayojulikana, tone la damu kutoka kisiginoni, lililokaushwa kwenye karatasi, linatosha kupima asilikanitini. Kipimo hicho kiagizwe mapema, kwa maana mtoto mwenye kasoro hizi akikaa muda mrefu bila kula, mwili wake huanza kuvunja mafuta yake wenyewe na mrundikano huongezeka.