Kipindi cha Tatu: mechi ambayo goli la timu yako linakutisha

Jamani, filamu hii ilikuwa imefichwa wapi miaka yote? Nimeimaliza sasa hivi, moyo haujarudi mahali pake, na siwezi kulala bila kumsimulia mtu. Inaitwa Tretiy Taym, yaani Kipindi cha Tatu. Ni kazi ya studio ya Mosfilm ya mwaka 1962, nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho, Kirusi kitupu. Mwongozaji ni Yevgeny Karelov, na hadithi ni ya Aleksandr Borshchagovsky.

Ni Kyiv mwaka 1942, mji uko chini ya jeshi la Hitler. Waliokuwa wachezaji wa Dynamo wanatakiwa kucheza na timu ya wanajeshi wa Kijerumani, na masharti hayafichwi: wakikubali kufungwa wataishi, wakishinda watauawa. Basi, kuanzia hapo nilikabwa koo. Kila mpira ulipokaribia lango la Wajerumani, nilijikuta napiga kelele "piga!" huku naomba shuti lipae juu ya mtambaa panya. Niambieni, ni mechi gani nyingine iliyowahi kumfanya shabiki aogope goli la timu yake mwenyewe?

Nilidhani kukosa rangi kutanichosha. Wapi! Tope, jasho na damu vyote vinatoka weusi uleule, kwa hiyo jicho halina pa kukimbilia ila nyusoni mwa watu. Na nyuso zenyewe! Yumo Vyacheslav Nevinny, yumo Yuri Nazarov, yumo Leonid Kuravlyov akiwa kijana kabisa. Kuravlyov huyu ndiye mwizi mcheshi wa filamu ya Ivan Vasilyevich ya mwaka 1973, kipenzi cha Warusi. Kumwona hapa akicheza mpira wa kufa na kupona kulinivuruga akili, kwa raha.

Sasa sikieni, mechi yenyewe ilikuwepo! Tarehe 9 Agosti 1942, timu iliyoitwa Start iliifunga Flakelf ya Wajerumani mabao 5–3, siku tatu tu baada ya kuwachapa 5–1. Start ilikusanya watu wa Dynamo na Lokomotiv waliokuwa vibarua katika kiwanda cha mikate. Mtu kama Mykola Trusevych, kipa wa Dynamo, mchana yuko kiwandani njaa ikiwa imetanda mjini, siku ya mechi yuko golini anadaka mashuti ya askari walioshiba. Inasimuliwa kwamba jezi zao zilikuwa nyekundu.

Na hapa nina ugomvi kidogo na Karelov. Filamu yake inafuata hekaya ya Kisovieti, ile ya ushindi kulipwa kwa risasi. Ukweli ulikwenda taratibu zaidi, na kwangu mimi unatisha zaidi. Start walicheza tena wiki iliyofuata, wakaichakaza timu ya Rukh 8–0, ndipo wakaanza kukamatwa. Mykola Korotkykh alifia mikononi mwa Gestapo. Trusevych, Ivan Kuzmenko na Oleksiy Klymenko walipigwa risasi katika kambi ya Syrets mwezi Februari 1943, miezi sita baada ya kipenga cha mwisho. Wengine walinusurika. Mmoja wao, Makar Honcharenko, alizeeka akiisimulia mechi hiyo. Kile kiwanda cha mikate peke yake kinatosha filamu nzima, jamani!

Lakini ugomvi huo haukunibandua kwenye kiti. Wengi wetu tunaijua Escape to Victory ya mwaka 1981, ile ya Pelé, Bobby Moore na Sylvester Stallone, ambayo mashabiki wanavamia uwanja na wafungwa wanatoroka. Tamu, sikatai, na tikitaka ya Pelé naipenda mpaka kesho. Tretiy Taym haina mlango wa kutokea, ndiyo maana kila pasi ina uzito. Warusi walirudia kisa hiki kwa rangi mwaka 2012, wakaiita Match, ikazua mabishano makali Ukraine. Hiyo inaweza kusubiri.

Kisichoweza kusubiri ni filamu ya Zoltán Fábri wa Hungaria, ya mwaka 1961, nayo nyeusi na nyeupe: wafungwa wanalazimishwa kucheza mpira kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Hitler. Mwenye nakala yenye tafsiri anitafute haraka, hata usiku huu!