Jina na Ukimya katika Kumbukumbu za Mama Daktari

Tawasifu ya daktari ni utanzu wenye mtego wake. Msimulizi ndiye tabibu, na ndiye pia shahidi wa utabibu wake. Mgonjwa huingia ukurasani na jeraha lake, akatibiwa, akatoweka. Makala haya yanachunguza kumbukumbu za Anne Spoerry, zilizotoka kwa Kifaransa mwaka 1994 kwa jina On m'appelle Mama Daktari, na kwa Kiingereza mwaka 1996. Swali la msingi ni hili: katika masimulizi ya namna hii, nani anasema na nani anasemewa?

Spoerry, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1918, alijifunza urubani akiwa amepita umri wa miaka 40, akajiunga na madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoasisiwa mwaka 1957. Kwa miongo kadhaa aliirusha mwenyewe ndege yake ndogo hadi Loiyangalani, North Horr na visiwa vya Lamu, mahali ambapo kumfikisha mgonjwa hospitalini kulikuwa safari ya siku nyingi. Thamani ya kazi hiyo haina ubishi. Kinachohitaji uhakiki ni namna inavyosimuliwa.

Tuanze na anwani. Kiswahili hakiwezi kuitafsiri bila ya kuchagua kiambishi: wananiita. Kiambishi wa- kimebeba kaskazini nzima, Waturkana, Wagabra na Wabajuni, bila ya kumtaja hata mmoja. Isitoshe, kwa wasemaji wa Kiswahili neno mama si sifa tupu. Ni heshima inayoambatana na dai: aitwaye mama hudaiwa malezi, na huweza kuulizwa. Jalada la kitabu limeichukua heshima na kuliacha dai.

Dai hilo ndilo linalokutana na ukimya mkubwa wa kitabu. Spoerry alifungwa katika kambi ya Kinazi ya Ravensbrück. Baada ya vita wafungwa wenzake walimtuhumu kuwatendea ukatili wagonjwa, na mwaka 1946 baraza la heshima la Wafaransa lilimhukumu kuwa mbali na Ufaransa kwa miaka 25. Tuhuma hizo hazimo katika tawasifu. Alifariki mwaka 1999, na wasomaji wengi walizifahamu kwa John Heminway, katika wasifu aliouchapisha mwaka 2018.

Heminway anayasoma maisha hayo kama kitubio. Usomaji huo una mashiko, lakini una hatari yake. Ukikubaliwa wote, mtoto aliyechanjwa North Horr anageuzwa chombo cha kusafishia dhamiri ya mtu mwingine. Kwanza alikuwa mgonjwa asiye na jina; sasa ni kafara isiyo na jina. Toba ya kweli, katika sanaa kama katika maisha, humhitaji aliyetendewa awe na kauli.

Udhaifu huu si wa kitabu kimoja, na unaonekana wazi zaidi ukitazamwa kutoka pwani ya kusini, Tiwi hadi Msambweni. Huko Kwale, kuanzia miaka ya 1980, afya iliboreshwa pia kwa visima vya pampu za mkono. Pampu ya Afridev ilijaribiwa katika wilaya hiyo, na kamati za vijiji, wanawake wakiwa mstari wa mbele, zilifunzwa kuitunza na kuitengeneza. Mwanamke anayebadilisha mpira wa pampu huzuia maradhi kabla ya daktari kuitwa. Hata hivyo, kazi yake haina kutua wala kuruka, haina usiku wa hatari, haina shujaa mmoja. Utanzu wa tawasifu ya daktari hauna nafasi ya kumweka.

Kwa hiyo kumbukumbu za Mama Daktari zisitupwe, wala zisisomwe peke yake. Zinahitaji jibu kutoka kwa wale waliolitoa jina. Wengi waliopanga foleni uwanjani katika utoto wao wangali hai Loiyangalani na Lamu. Masimulizi yao yakikusanywa, ndipo kiambishi wa- kitakapopata nyuso, na neno mama litakapopimwa na wenyewe waliolitamka.