Uhuru na Ufundi wa Kuhesabu

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru wake, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi katika kituo cha Goddard cha NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji walioupokea ujumbe wake. Jina ndilo watu hulikumbuka. Kazi yenyewe husimuliwa kidogo, ingawa ndiko uliko ustadi. Setilaiti hii haikuwa na kamera, lenzi wala kioo cha kukusanya eksirei. Haikupiga picha hata moja, na bado ilituachia ramani ya kwanza ya anga zima katika miale ya eksirei. Yote hayo iliyapata kwa kuhesabu.

Eksirei za nyota hazifiki ardhini. Angahewa huzimeza zote, nasi tunasalimika, lakini anayetaka kuzichunguza hana budi kupanda juu yake. Mwezi Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake wa kampuni ya American Science and Engineering ya Massachusetts walirusha vipimo vyao kwa roketi ndogo, wakagundua chanzo kikali katika kundinyota la Nge, kikaitwa Scorpius X-1. Tatizo la roketi ya namna hiyo ni kwamba hukaa juu dakika chache tu, kisha huanguka. Miaka minane baadaye vyanzo vilivyojulikana vilikuwa dazeni chache, na hakuna aliyeweza kukikodolea macho kimoja kwa siku nzima.

Kipimo ambacho Giacconi na wenzake walikitegemea katika Uhuru ni kisanduku cha gesi chenye dirisha jembamba la madini ya beriliamu, na ndani yake nyaya laini zenye umeme wa volti nyingi. Fotoni moja ya eksirei ikipenya dirishani, hugonga atomi ya gesi na kuing'oa elektroni. Elektroni hizo huvutwa kwenye waya, na njiani hung'oa nyingine, nazo nyingine tena, mpaka unazuka mshtuko wa umeme unaoweza kupimwa. Ukubwa wa mshtuko hulingana na nishati ya fotoni iliyouanzisha. Chembe za miale ya kosmiki nazo hupenya humo na kuleta fujo. Lakini chembe hizo huacha njia ndefu ndani ya gesi, kwa hiyo mshtuko wao huinuka polepole, ilhali ule wa eksirei huinuka ghafla. Saketi za Uhuru ziliundwa kutambua tofauti hiyo na kuwakataa wageni wasioalikwa.

Kisanduku hicho kinajua kwamba fotoni imefika. Hakijui imetoka wapi. Ndiyo sababu mbele yake paliwekwa vijia vyembamba vilivyopangwa sambamba. Anayechungulia kwenye bomba la mwanzi haoni shamba lote, huona kipande kilicho mkabala na tundu. Vijia vile vilikifanyia kisanduku hivyohivyo. Uhuru ilikuwa na seti mbili za vipimo zilizopeana migongo, kila moja ikiwa na eneo la sentimeta za mraba 840. Moja ilitazama kipande cha anga chenye upana wa nusu digrii, sawa na upana wa mwezi mpevu, na urefu wa digrii 5. Ya pili ilitazama digrii 5 kwa 5. Ile nyembamba ilieleza chanzo kipo wapi hasa, na ile pana ilipata muda zaidi wa kukusanya fotoni.

Kisha ukaja uamuzi ninaoupenda kuliko yote: kwenda polepole. Setilaiti ilijizungusha mara moja kila dakika 12, yaani nusu digrii kwa sekunde. Kila chanzo kilipopita mbele ya vijia, hesabu ya fotoni ilipanda, ikafika kileleni, ikashuka, na kwenye karatasi ikachora pembetatu. Wakati wa kilele ulionyesha mahali pa chanzo, na urefu wake ulionyesha ukali. Tena mhimili na mwendo wa mzunguko viliweza kubadilishwa kutoka ardhini, kwa koili za umeme zilizosukumana na usumaku wa Dunia, bila kuchoma tone la mafuta.

Ngomeni nayo haikuchaguliwa kwa ajili ya upepo mwanana. Iko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, ambako Dunia inayozunguka huisukuma roketi kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Zaidi ya hayo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa kwa sehemu kubwa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye chaji hushuka karibu na Dunia na kuvuruga vipimo. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, na ni mafundi wake walioirusha.

Pembetatu zilipoanza kumiminika, zile ambazo hazikukaa sawa ndizo zilizofundisha. Ya chanzo kiitwacho Centaurus X-3 ilikuwa na meno. Walipoichunguza waliona mpigo unaorudi kila sekunde 4.84. Kwa sekunde chache za kupita mbele ya vijia mtu hupata mipigo michache tu, kwa hiyo uwezo wa kupunguza mwendo ukawa mali. Walipofuatilia kwa siku nyingi, mipigo ilikuja mapema, ikachelewa, ikaja mapema tena, kwa zamu ya siku 2.09, na katika kila zamu chanzo kilipotea kwa karibu nusu siku. Maelezo yalikuwa wazi: nyota ya nutroni inaizunguka nyota kubwa, inapita nyuma yake na kufichwa, na gesi inayoporwa kutoka kwa nyota kubwa ndiyo inayowaka.

Cygnus X-1 ilikuwa na meno pia, ila yasiyo na mpangilio, yakibadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde mwanga husafiri kilomita 30,000, na kitu hakiwezi kumeta kwa kasi kuliko mwanga unavyokivuka. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4, hiki kilikuwa kidogo mno kando yake. Muda si mrefu Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Thomas Bolton huko Kanada, wakaonyesha kwamba nyota iliyopo hapo inazungukana na mwenzi mzito asiyeonekana, kila siku 5.6. Kwa kitu kidogo na kizito kiasi hicho, shimo jeusi likatoka kwenye vitabu vya nadharia. Nazo pembetatu za makundi ya galaksi zilikuwa pana kupita kiasi, dalili ya gesi ya mamilioni ya digrii iliyojaa kati ya galaksi.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa 1978, ina vyanzo 339, na vingine hadi leo huitwa kwa namba zinazoanza na 4U. Mwaka huohuo wa 1978 Giacconi na wenzake waliona chombo cha Einstein kikipaa na vioo vya kukusanya eksirei, na tangu hapo picha halisi zimezidi kuwa nzuri. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia 2002. Picha hizo nazipenda kama kila mtu. Lakini zilipokuja, wapigaji wake walikuwa tayari wanajua waelekeze wapi na watafute nini, kwa sababu watu walishavumilia kusoma pembetatu moja baada ya nyingine, na kuiheshimu kila iliyokataa kunyooka.